Asilimia Ishirini ya Reino Haapala

Thunder Bay, Ontario
9 Januari 2012

Mpendwa Lorna,

Leo ni tarehe tisa Januari 2012. Ni miaka arobaini na miezi mitatu tangu nilipovuka mpaka kwenye daraja la Mto Pigeon nikiwa na masanduku mawili, mashine ya kuchapia, na mkate wa kujazwa nyama na viazi alionifungia mama yako. Sina desturi ya kuhesabu. Barua yako ndiyo iliyonihesabisha.

Unauliza maswali kama askari wa mpakani. Jina langu la katikati ni Armas. Shahada ya uzamivu niliipata mwaka 1961, hapo hapo chuoni kwenu. Makala nilizochapisha ni kumi na saba. Kuna nyingine hakuna aliyezisoma isipokuwa baba yako, naye alizisoma ili apate la kunibishia. Afya yangu ni nzuri kuliko ya paka wangu. Sasa niambie mambo haya yote ni ya nini. Kama wanataka kutundika picha yangu ukutani, waambie wangoje nife kwanza, ndiyo adabu.

Barafu haijaja. Bandari iko wazi kama mwezi wa kumi. Naamka, nachungulia dirishani, navaa buti, nashuka mpaka gatini, narudi, nakunywa kahawa, navaa buti tena. Hewa ikiwa safi naiona Isle Royale upande wa kusini, mstari mweusi juu ya ziwa, na ule mstari ni Marekani. Wenyeji huwaonyesha wageni. Mimi huwa natazama kitu kingine.

Unauliza pia kama nitakuja kuiona maabara. Asante kwa kunikumbuka. Nilikuacha ukiwa na miaka sita, umening'inia kwenye mlango wa kibanda cha barafu huku kamasi zinakutoka. Siahidi kitu.

Wako,
Reino


Agate Portage, Michigan
17 Januari 2012

Mjomba Reino, salamu nyingi.

Nimekuuliza maswali sita, umejibu matano kwa urefu na la sita ukalikimbia. Basi nakuletea habari, labda zitakufanya usimame.

Tumepata mkataba. Wa serikali ya shirikisho, wa miaka mitatu. Wanataka njia ya kujua, kwa sauti peke yake, kama barafu itabeba lori au ndege kabla lori au ndege haijakanyaga. Ni kazi yenu, yako na ya baba, imefufuka. Tuko watano: mimi, mafundi wawili, mtunza vifaa, na Prakriti, mwanafunzi wangu wa uzamivu kutoka Nepal. Programu yote inayosoma mwangwi wa barafu ameiandika yeye. Bila mkataba huu jengo lingechukuliwa mwezi wa sita na sisi watano tungetawanyika. Bwana Garland, mkuu wetu wa kitivo, alikwisha kuleta watu wenye tepu kupima kuta. Anataka kuweka humo kituo cha ubunifu chenye viti vya kuzunguka. Siku moja wakati wa chakula alisema mbele ya watu wote, "Lorna, barafu inayeyuka dunia nzima na wewe unaisikiliza. Inasema nini, kwaheri?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikaenda ofisini, nikalipiga kabati teke.

Watu wa Washington watakuja tarehe kumi na tatu Machi. Nataka uwepo, kama mgeni wa heshima tu, siku mbili. Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Najua kulizunguka ziwa ni mwendo wa siku nzima, nina gari na nina nyimbo. Kitanda cha baba kipo, na bafu la mvuke nitaliwasha.

Usijibu hapana leo. Ngoja kidogo ndipo ujibu.

Lorna


Washington
19 Januari 2012

Kwa Dkt. Reino A. Haapala

Ndugu Dkt. Haapala,

Kwa niaba ya ofisi ya mikataba nakupongeza. Jopo la wasomaji liliandika kwamba ushiriki wako ndio nguvu kubwa kuliko zote katika andiko la chuo la kuomba mkataba.

Nakukumbusha kifungu cha watu muhimu. Dkt. Lorna Tervo, kwa asilimia hamsini ya muda wake wa kazi, na wewe, kwa asilimia ishirini ya muda wako, hamwezi kuondolewa wala kubadilishwa bila idhini ya ofisi hii kwa maandishi. Sababu ya kifungu hiki ni kwamba serikali imenunua kazi yenu ninyi, si ya mtu mwingine yeyote.

Naambatisha fomu ya beji na tamko la uraia wa Marekani, ambao andiko limekwisha kuuthibitisha. Tafadhali saini na urudishe kabla ya tarehe kumi na saba Februari. Nitakuwepo barafuni mimi mwenyewe. Nimeambiwa ninunue buti.

Dunstan Ferrick
Ofisa Mikataba


Thunder Bay
26 Januari 2012

Lorna,

Bwana Ferrick ameniandikia. Ni mtu wa adabu. Ananiambia kwamba nimewauzia asilimia ishirini yangu. Nimesimama mbele ya kioo nikijaribu kukisia ni ishirini ipi. Goti la kushoto sitoi, ndilo zima. Kama ni masikio, moja lilikwisha kujiuzulu.

Nilicheka mpaka chai ikapoa, kisha nikaacha kucheka. Maandiko ya namna hii hupelekwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo nilikwisha kuuzwa tangu kiangazi, wakati mimi nimeinama bustanini napalilia viazi. Hukuwa unaniuliza jina la katikati ili unifahamu. Beji ilikuwa na nafasi tupu.

Baba yako alifanya kazi ubavuni mwangu tangu tukiwa vijana. Tulipigana kwa maneno kila siku ya Mungu. Hakuniandikia hata mara moja neno ambalo sikulisema.

Fomu ya uraia iko chini ya kopo la kahawa. Sitaisaini. Usiniulize kwa nini.

R. Haapala


Agate Portage
2 Februari 2012

Mjomba,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa kwenye ngazi, na bado sijui nianze wapi. Nilidanganya. Acha nianzie hapo.

Mwaka juzi tuliomba mkataba kama huu tukanyimwa. Wasomaji waliandika sentensi moja: timu hii haina mtu aliyewahi kuisikia barafu kwa sikio lake. Ilinikaa kooni mwaka mzima. Julai tukaomba tena. Siku ya mwisho unaijua ilivyo hata kama enzi zenu ilikuwa ya posta: mtandao unafungwa saa kumi na moja jioni, chuo kizima kinagombania mlango mmoja, na kila jina lazima liwe na asilimia yake la sivyo mfumo unagoma. Saa tisa nilikuwa bado na nafasi tupu ya mshauri mwandamizi. Nikaandika Haapala. Mfumo ukauliza asilimia ngapi. Nikaandika ishirini. Ukauliza uraia. Nikaweka alama. Nilijiambia nitakupigia simu kesho yake. Kesho ikawa wiki, halafu nikajifariji kwamba tutanyimwa tu kama kawaida yetu, na wewe hutajua kamwe.

Hatukunyimwa.

Jana Garland alisimama mlangoni kwangu, glovu mkononi. "Huyo mzee wako yupo kweli," akauliza, "au umemchora?"

Nikamwambia yupo.

"Anapumua?"

"Anapumua na ana hasira."

"Basi mlete na hasira zake. Asipoonekana Machi, mwezi wa sita naingiza viti vyangu."

Najua kwa nini hutaki kuja. Sikuwa mkubwa lakini nilikuwa na masikio. Baba alisaini ule mkataba wa mwaka 1971, wewe ukaondoka, na tangu siku ile hakulitaja jina lako mezani. Alikalia kiti chako mpaka akastaafu, na ninaamini kila siku alijua ni cha nani. Kama ni yeye unayemkasirikia, Mjomba, amekwisha kufa. Usitulipizie sisi. Saini, njoo siku mbili, na baada ya hapo hutalisikia jina langu tena.

Lorna


Thunder Bay
10 Februari 2012

Mpendwa Lorna,

Nimeandika majibu matatu. Mawili nimeyatia moto jikoni, moja paka amelilalia. Hili ni la nne.

Umekosea mahali pawili. Nianze na baba yako.

Mwaka ule tulikuwa watatu kwenye maabara: baba yako Wilbert, mimi, na mwanafunzi wetu Nandan, aliyetoka Pune, India, mahali ambapo barafu inakaa kwenye glasi. Ndiye aliyegundua kwamba ukisimamisha fimbo ya hoki juu ya barafu na kuegemeza ncha yake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, unasikia mambo ambayo vyombo vyetu havikuyanasa. Alikuwa na sikio kutupita sote. Kisha ukaja mkataba mpya, wa siri, wenye sharti kwamba asiye raia asiingie maabara bila msindikizaji, na akiingia iwashwe taa nyekundu juu ya mlango ili kila mtu afunike karatasi zake. Fundi akaja akaifunga taa. Asubuhi ya kwanza Nandan aliingia, taa ikawaka, na watu wazima tukafunika meza zetu kwa magazeti. Tulikuwa tunamficha kazi yake mwenyewe. Aliitazama taa, akasema, "Sikujua kwamba mimi ni gari la zimamoto." Hakuna aliyecheka. Majira ya kuchipua alikuwa ameondoka.

Nilimwambia mkuu wa wakati ule: taa ishuke, au nishuke mimi. Taa haikushuka. Lakini baba yako hakunifukuza. Alikuja kwangu hajala, kalamu mfukoni, akasema nikiondoka na yeye anaondoka. Alikuwa na watoto watatu, wewe ukiwa wa mwisho, na mama yako alikuwa mgonjwa. Nikamwambia, "Wilbert, saini. Mmoja wetu lazima abaki na barafu." Tuligombana mpaka kahawa ikaisha, nikashinda. Kiti ulichomwona amekalia nilimpa mimi.

Hakunitaja mezani, sawa. Lakini kila mwaka, siku mfereji wa hapo Agate Portage ulipoganda, simu yangu ililia. Nikiinua hapakuwa na mtu. Alikuwa ameuweka mkonga wa simu mbele ya spika inayotoa sauti ya barafu pale kibandani, na mimi nilisikiliza barafu ikijibana na kupasuka, mpaka akakata. Hatukusemezana hata mara moja. Hakuacha mwaka. Mara ya mwisho ilikuwa majira ya baridi kabla hajafa. Sasa unajua kwa nini navaa buti na kushuka gatini na kurudi kama mtu aliyepotelewa na funguo.

Kosa la pili ni ile alama uliyoiweka. Mimi ni raia wa Kanada tangu mwaka 1976. Niliapa kwenye ukumbi wa maktaba, nikapewa keki, na ule uraia mwingine nikaurudisha kwa barua. Nikija kwenu, taa itakayowaka ni yangu.

Mwandikie Ferrick, wewe mwenyewe, kabla hajagundua. Na usiniambie nisaini tu kwa vile hakuna atakayeangalia.

Reino


Agate Portage
20 Februari 2012

Mjomba Reino,

Sikuandika, nilipiga simu. Ningeandika ningepamba.

Nilimwambia Ferrick yote, kuanzia ile saa tisa ya Julai. Kisha akauliza kama kuna kitu kingine chochote kwenye andiko ambacho hakipo duniani. Nikasema hapana. Akaniambia angeweza kuufuta mkataba kabla hajaenda kula, na kwamba amewahi kufuta mingine kwa makosa madogo kuliko langu. Lakini nilisema kabla sijaulizwa, na hilo, alisema, halimtokei mara nyingi.

Ametoa njia mbili. Ya kwanza, uje kama mgeni wa nchi ya nje, kwa kibali, ukiwa na beji na msindikizaji. Ya pili, jina lako liondolewe na langu lishike nafasi zote mbili, ila nithibitishe mbele yao, juu ya barafu, bila kompyuta. "Wasomaji walinunua sikio, Dkt. Tervo," alisema. "Nionyeshe sikio." Nikishindwa, mkataba unafutwa siku hiyo hiyo.

Mjomba, mimi sina sikio. Nina skrini. Maisha yangu yote ya kazi nimeitazama sauti, sijaisikiliza.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilitoka nikaangalia juu ya mlango wa maabara. Taa ipo. Imepakwa rangi ya ukuta mara nyingi hata siku zote nilidhani ni nundu ya sementi. Nilikwangua kwa ukucha nikaona nyekundu.

Na baba. Nilikuwa nikimwona akishuka kibandani siku ya barafu ya kwanza, hataki mtu amfuate. Mama alisema anakwenda kusali. Sisi tulijua hasali.

Prakriti ameniuliza kwa nini natembea tembea ofisini. Nimemwambia ni hesabu za mwisho wa mwezi. Sikuweza kumwambia zaidi.

Njoo kwa kibali. Huna haja ya kusema kitu. Ukisimama karibu yangu inatosha.

Lorna


Thunder Bay
26 Februari 2012

Mpendwa Lorna,

Sitakuja kwa beji. Mahali pale nilipajenga, siwezi kusindikizwa kwenda chooni. Lakini tulia usome.

Tafuta fimbo ya hoki ya mti. Hizi za siku hizi hazifai, zinajisikiliza zenyewe. Vua kofia upande mmoja hata kama baridi inakutafuna. Mtu mwingine agonge kwa mtaimbo, hatua chache kutoka ulipo. Barafu changa hujibu kwa sauti ya juu, kama waya wa uzio. Barafu nene hujibu kwa sauti ya chini na kwa kuchelewa, kama mtu uliyemwamsha. Ya kuogopa ni ile isiyojibu: unagonga, unapata kishindo kifupi basi, kama umegonga kabati lililojaa nguo. Hapo kuna maji katikati ya matabaka mawili. Vyombo vyenu, kama vilivyokuwa vyetu, huyajumlisha matabaka yote mawili na maji yake vikakwambia ni barafu moja nzuri. Wewe usikisie inchi. Jiulize tu kama ungemsimamisha hapo mtu unayempenda.

Nenda kila asubuhi, na uende na Prakriti, mgonge kwa zamu. Mwambie ukweli wote mkiwa huko, na wa Nandan pia. Barafuni mtu hukasirika vizuri zaidi, kwa vile hakuna mlango wa kubamiza.

Namba yangu ya simu haijabadilika. Mimi si mtu muhimu wa mkataba wowote, na ile ni barafu ya mfereji, mali ya watu wote. Hakuna kifungu kinachomkataza mtu kumpigia mjomba wake.

Reino


Washington
16 Machi 2012

Kwa Bw. Reino A. Haapala

Ndugu Bw. Haapala,

Hii ni kukujulisha rasmi kwamba jina lako limeondolewa kwenye orodha ya watu muhimu na asilimia ishirini uliyokuwa umepangiwa imefutwa. Dkt. Tervo amekubaliwa kushika nafasi hiyo. Huna wajibu wowote zaidi kwa serikali ya Marekani.

Kwa kuwa njia ya kusikiliza imethibitishwa, awamu ya pili ya kazi itafungwa kwa wote wasio raia, kwa utaratibu wa kawaida wa beji, msindikizaji na ishara ya mlangoni.

Nje ya shughuli rasmi: niliegemeza fimbo ile nyuma ya sikio langu. Sijui ni nini nilichosikia. Nimekuwa nikisikiliza vitu tangu nirudi, mabomba, lifti.

Dunstan Ferrick
Ofisa Mikataba


Agate Portage
19 Machi 2012

Mjomba Reino,

Kwanza asante kwa kuinua simu kila asubuhi tulipokupigia kutoka barafuni, na kukaa kimya, isipokuwa ile mara moja uliposema, "Hapana, gonga tena." Prakriti alikaribia kuiangusha simu majini. Alidhani ni baba amefufuka.

Siku yenyewe ilikuja na jua, barafu chafu, theluji imelowa. Ferrick alishuka garini na buti mpya, karatasi ya bei bado inaning'inia kisiginoni. Garland alikuja na gari lake kubwa. Alitaka kuliendesha mpaka kigingi cha tatu kati ya tulivyovisimika barafuni, ili apigwe picha limesimama juu ya mfereji. Kompyuta iliwashwa kwanza, kwa ajili ya kulinganisha, ikasema inchi kumi na nne kutoka ukingoni mpaka mwisho. Kisha ikafungwa.

Ferrick akaniambia, "Dkt. Tervo, gari liende?"

Nilivua kofia upande mmoja. Prakriti akagonga. Kigingi cha kwanza, mtu aliyeamshwa. Cha pili, vilevile. Tulipokikaribia cha tatu akagonga nikapata kishindo kifupi, basi. Nikasema gari lisiende.

"Skrini imesema kumi na nne," Garland akasema, ameshika usukani.

"Skrini inahesabu na maji."

"Na wewe unahesabu nini?"

"Sihesabu."

Akamgeukia Ferrick akacheka, kwamba jamani, mnasikia wenyewe. Nikampa Prakriti fimbo, mimi nikachukua mtaimbo. Akasikiliza, macho amefumba. Akafumbua, akasema neno moja tu: "Kabati."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi, na wewe kama ungekuwepo. Ferrick akaagiza patobolewe. Keekee ikaingia inchi tano, ikazama ghafla mpaka mpini, maji yakapanda yakafunika buti zake mpya. Chini ya maji ilikutana na tabaka jingine, jembamba. Garland alirudisha gari kinyumenyume, polepole, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri.

Kwa hiyo tumebaki. Viti vya kuzunguka vitatafuta pengine.

Sasa lile ambalo sikulisema kwenye simu. Tulipoingia kibandani Ferrick alisaini karatasi ya kunikubali, akanisukumia karatasi ya pili, ya awamu inayofuata. Alikuwa mpole. Alisema, "Yule binti ana sikio zuri. Lakini si raia. Utaratibu mnaujua." Nilitazama dirishani. Mafundi wangu walikuwa wanakunja kamba, mmoja anamrushia mwenzake theluji kwa furaha, na wote wawili wana watoto. Nikasaini.

Leo asubuhi fundi amekwangua rangi, akabadilisha balbu tu, nyaya zilikuwa nzima. Prakriti aliingia na kikombe chake cha chai. Taa ikawaka. Aliitazama ile taa niliyomsimulia barafuni, akasema, "Kumbe ndiyo hii," akaenda kukaa mahali pake. Mimi ndiye msindikizaji wake. Na Mjomba, nilifunika meza yangu. Mkono ulifunika kabla sijauambia.

Hajaniambia neno baya, na ndilo linaloninyima raha. Amefanya kazi mpaka jioni, kwenye kona waliyomruhusu, mgongo wake ukinitazama.

Rudi nyumbani. Safari hii si kwa mkataba na si kwa Washington. Rudi kwa vile kuna nyumba, kuna kitanda, na hapa hakuna mtu hata mmoja wa kuniambia kama nimefanya sawasawa. Nitakuja kukuchukua Jumamosi yoyote utakayoitaja.

Lorna


Thunder Bay
29 Machi 2012

Mpendwa Lorna,

Bandari yetu imefunguka. Haikuwahi kuganda vizuri, ila vipande vilivyokuja na upepo vimeondoka na upepo. Leo nimeshuka gatini bila buti.

Unataka nikuambie kama umefanya sawasawa. Nilimwambia baba yako asaini, siwezi kukuambia wewe ulipaswa kukataa. Niliondoka mimi, taa ikabaki. Alibaki yeye, taa ikabaki. Sasa umesaini wewe na imewaka. Miaka yote hii nilidhani kwamba nilipovuka daraja nilikuwa nimelimaliza jambo, angalau kwa upande wangu. Kumbe balbu tu ndiyo iliyoungua.

Nandan nilikutana naye mara moja, Winnipeg, mwaka 1983, kwenye mkutano wa wahandisi. Alikuwa amenenepa, anajenga madaraja. Tulikula samaki. Aliniuliza kama taa bado ipo, nikamjibu sijui. Nitamwandikia, kama bado yupo kwenye anwani ile, maana sasa najua.

Kuhusu Prakriti. Usimwombe akusamehe, utamwongezea mzigo. Mwambie tu kwamba chuo cha hapa kina mtafiti mmoja wa barafu anayetafuta mwenzake, nimekwisha kumuuliza, na kwamba nyumba yangu ina chumba cha nyuma chenye dirisha la ziwani. Akitaka kubaki kwenu abaki. Akitaka kuja aje. Asisukumwe huku wala huko. Awe na mlango unaofunguka bila kitu kuwaka, achague mwenyewe kama ataupita.

Na mwaka huu mfereji ukiganda, nipigie. Uwe wewe au awe yeye, yeyote atakayekuwa karibu na simu. Msiseme kitu. Wekeni mkonga kwenye spika mnipe muda.

Mkono wako uliofunika meza haukujifunza kwako, ulirithi. Utazame. Siku utakapochelewa kufunika, hata kidogo, niandikie.

Ulinunuliwa kwa ajili ya sikio, na sikio unalo. Nililisikia huku, kwenye simu, jinsi ulivyokuwa unanyamaza.

Kitanda cha Wilbert mpe mtu anayehitaji kitanda. Bafu la mvuke liwasheni mwoge wenyewe. Nakupenda kama nilivyompenda baba yako, na sitarudi.

Reino Haapala